Sarafu Inaishia Mkononi mwa Nani?

Bibi Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa ustawi wa jamii, na wageni wetu mliotoka misikitini na makanisani,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mmoja wetu hulijibu mara nyingi bila kulifikiria, kwa kuwa taa ya kijani huwaka kabla hatujamaliza kufikiri: je, mtu anayeomba barabarani apewe fedha au asipewe? Nitautaja msimamo wangu mapema ili mnipime nao. Tumezoea kumchunguza mwombaji, kama ni mgonjwa kweli, kama ni mvivu, kama atanunua unga au atanunua pombe, ilhali kinachostahili kuchunguzwa ni safari ya sarafu yenyewe, yaani jioni inapofika inabaki kwa nani. Ikibaki kwa yule aliyenyoosha mkono, sioni sababu ya kumzuia anayetaka kutoa. Ikiwa inapita tu mkononi mwake kwenda kwa mwingine, basi tunachokiita sadaka ni ujira tunaomlipa mtu tusiyemwona.

Twende kwanza Kariakoo na Kisutu, mitaa ya biashara ya Dar es Salaam, siku ya Ijumaa, kwa sababu huko utoaji una utaratibu wake wa miaka mingi. Tangu asubuhi wazee, watu wasioona na watu wenye ulemavu wa miguu hupita duka hadi duka. Mwenye duka ameshaandaa chenji pembeni ya meza yake. Anayepita hupewa sarafu ya mia au ya mia mbili, hushukuru, huombea dua, huenda duka la pili. Hakuna anayemhoji mwenzake. Mwenye duka anawajua kwa sura wengi wao, na asiyeonekana Ijumaa mbili mfululizo huulizwa kwa wenzake kama anaumwa. Wapo wanaouita utaratibu huu aibu ya jiji. Mimi nauona kuwa umetangulia mbali kuliko tunavyotoa sisi tulio kwenye magari, kwani anayetoa anamjua anayepokea, na sarafu inaingia katika mfuko wa mtu mzima anayejua atakavyoitumia.

Sasa tusimame kwenye mataa ya barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam saa kumi jioni. Mtoto wa miaka saba au minane anagonga kioo kwa ukucha, anaweka mkono mdomoni kuonyesha njaa, anasema, "Anko, naomba mia." Ukimpa, usimwondolee macho. Hataifungia sarafu ile kwenye pindo la nguo yake, wala hatakwenda nayo kwa mama anayekaanga mihogo. Atavuka barabara hadi kivulini, atamkabidhi mtu mzima aliyeketi juu ya kipande cha boksi, kisha mtoto atarudi kusubiri taa nyekundu. Huenda aliye kivulini ni mama yake mzazi, tena mwenye mtoto mwingine mgongoni na njaa ya kweli tumboni. Hata hivyo mama huyo anajua kwamba mkono wake mwenyewe haulipi kama unavyolipa mkono wa mtoto, na aliyemfundisha hivyo ni sisi tulio ndani ya magari.

Kuna watoto ambao aliye kivulini si ndugu yao hata kidogo. Mwaka 2022 uchunguzi wa shirika la utangazaji la BBC ulionyesha jinsi watoto wenye ulemavu walivyochukuliwa Tanzania kwa wazazi walioahidiwa maisha bora kwa watoto wao, wakavushwa mpaka hadi Nairobi, wakawekwa barabarani kutwa nzima, na kila walichopewa kikachukuliwa na waliowaleta. Wapita njia waliotoa walikuwa watu wema. Biashara hiyo iliendeshwa kwa wema wao, kwani hakuna mfanyabiashara anayeendelea kupeleka bidhaa mahali isipouzika. Nalitamka neno bidhaa kwa uchungu, lakini hivyo ndivyo mtoto anavyohesabiwa na mtu anayempima kwa wingi wa sarafu ambazo kiungo chake kilichopooza kinaweza kuleta.

Kwa hiyo kuhusu watoto sina kigugumizi: fedha isipite mikononi mwao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto anayeomba au kupokea sadaka kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na hapo sheria imeona vizuri, maana haimwiti mkosaji. Ukiwa na chakula mpe ale mbele yako. Ukiona watoto walewale mahali palepale siku baada ya siku, piga simu namba 116, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa mtoto Tanzania na hata Kenya, au mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Najua mtaniambia kwamba ofisa huyo ni mmoja kwa maelfu ya watu na kwamba simu yenu huenda isizae kitu wiki hiyo. Ni kweli, na nusu ya wanafunzi walioketi hapa ndio watakaokuwa maofisa hao.

Ugumu unakuja pale mtu mzima asiyeona anapoongozwa na mtoto aliyeshika ncha ya fimbo. Hapa kanuni yangu inayumba. Mpokeaji ni mtu mzima, fedha ni yake, haja yake haina shaka. Lakini kila saa ya kutembea kwake ni saa ya shule iliyopotea kwa mjukuu au mpwa anayemtembeza. Nimesikia watu wakilimaliza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba asipewe ili mtoto arudi shule, kana kwamba mzee yule akikosa mia mbili yangu atapata macho. Nionavyo mimi, mzee apewe, tena apewe zaidi na wachache wanaomjua, ili asilazimike kuzunguka siku sita kwa wiki. Anayempa mara moja mia mbili na kuondoka amemsaidia kula. Anayempa kiasi cha kutosha kumlipa kijana mkubwa wa mtaani amtembeze amemsaidia yeye na mtoto kwa pamoja.

Nije kwenye lawama inayosikika zaidi, kwamba ombaomba watazinywea fedha. Lawama hii inaweza kupimwa, na imekwisha kupimwa. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya maskini za Rarieda, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, zilizopewa fedha taslimu bila masharti na shirika la GiveDirectly, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016 hawakukuta kwamba matumizi ya pombe na tumbaku yaliongezeka. Kilichoongezeka ni chakula na mali za kaya, mifugo ikiwemo. Msomi makini atanikatiza hapo aseme kwamba kaya ya kijijini si mtu anayelala barazani. Sawa. Huko Vancouver, Kanada, watu 50 wasio na makazi walipewa kila mmoja dola 7,500 za nchi hiyo kwa mkupuo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba hawakuongeza matumizi ya ulevi, na siku zao za kulala bila makazi zilipungua. Waliozama sana katika ulevi hawakuingizwa katika utafiti huo, kwa hiyo nisiutumie kudai kwamba hakuna mwombaji mlevi. Wapo. Lakini anayemnyima mzee wa Kisutu kwa sababu ya mlevi aliyemwona Manzese hajafanya uchunguzi wowote. Tena sijapata kuona mtu anayemuuliza fundi wake kama atakunywa ujira aliomlipa.

Wageni wetu kutoka misikitini na makanisani wanasubiri nifike kwao. Sura ya Adh-Dhuha inakataza kumkaripia anayeomba, na Injili ya Mathayo inasema, "Akuombaye, mpe." Maneno hayo hayana masharti marefu. Hata hivyo katika mahubiri ya kupinga kuomba, hadithi ninayoisikia zaidi ni ile iliyopokewa na Abu Dawud, ya mtu wa Kiansari, yaani Mwislamu mwenyeji wa Madina, aliyemwendea Mtume Muhammad kuomba. Aliulizwa kama nyumbani kwake hakuna kitu. Akasema kipo kitambaa kizito, sehemu wanajifunika na sehemu wanatandika, na kipo chombo cha kunywea maji. Mtume aliagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu, mmoja akataja dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili. Dirhamu moja ikanunua chakula cha familia, ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia aende akatafute kuni na kuuza, asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirudi akiwa na dirhamu kumi.

Wahubiri wengi hukimbilia mwisho wa kisa: nenda kafanye kazi. Naomba tuusome mwanzo wake pia. Kabla ya kuambiwa aende msituni, mwombaji alisikilizwa, hali ya nyumba yake ikaulizwa, mnada ukafanyika kwa ajili yake, chakula cha siku hiyo kikapatikana kwanza, na zana ikakabidhiwa ikiwa tayari imetiwa mpini. Mtu anayefungua kioo cha gari na kusema "nenda kafanye kazi", kisha akakifunga, amechukua sentensi ya mwisho akaacha shoka.

Serikali nazo zimejaribu njia yao ya kuwaondoa waombaji mjini, na nitaipita haraka kwa sababu matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1976 Dar es Salaam iliendesha operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi. Mwaka 2016 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, akaagiza ombaomba waondoke jijini. Kila mara walibebwa, na kila mara mataa yalijaa tena. Kanuni ya Adhabu kwa miaka mingi imeweka kuomba hadharani miongoni mwa makosa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Wanaosafirishwa kwa nguvu hupelekwa hasa Dodoma, na Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, yenye wastani wa milimita 600 hivi kwa mwaka, nao hauji sawasawa. Mtu hawezi kuamriwa arudi kwenye shamba lililokauka. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo huko Dodoma, ilikuwa nchi ya ng'ombe na nafaka, iliyoziuzia chakula misafara ya biashara, hadi majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua mifugo, chakula na wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, mvua zikakosekana, na njaa ya Mtunya ikawamaliza watu kati ya 1917 na 1920. Anayesema kuomba ni hulka ya Wagogo hajaisoma historia hiyo.

Kuna wanaojibu kwamba wanalipa kodi, na kazi ya kusaidia maskini wameshaikabidhi serikali. Jibu hilo lina uzito, kwa sharti kwamba msemaji wake anaifuatilia kazi aliyoikabidhi. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanzishwa na serikali mwaka 2000, ina mpango wa kunusuru kaya maskini, lakini kaya hutambuliwa kwenye kijiji au mtaa wake, na anayelala barazani hana mwenyekiti wa mtaa wa kumtaja mkutanoni. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, mbili ni za watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Mwenye kiwanda asiyetimiza hilo, kisha akamkaripia mlemavu aliye mlangoni kwake kwamba haombi kazi, anajua vizuri kwa nini haombi.

Nimalizie na pendekezo kwa wafanyabiashara wa Kariakoo na Kisutu na kwa kamati za misikiti na makanisa ya jirani. Mnawajua tayari wanaopita kwenu. Wekeni daftari moja la majina yao na mtaa wanakolala, changeni zile sarafu za Ijumaa nne ziwe kiasi kimoja cha mwisho wa mwezi kwa wale wasioweza kazi, na kwa wanaoweza, mjue ni mizani, ni cherehani au ni genge la nyanya linalowafaa. Kwa wanaotembezwa na watoto, mlipeni mtu mzima wa kuwatembeza. Anayependa kuendelea kupita dukani Ijumaa aachwe apite, kwa kuwa wengine hufuata salamu kama wanavyofuata mia. Nao waombaji wenyewe wawemo katika kamati inayoshika daftari hilo, maana wanafahamu kuliko sisi nani kati yao anabaki na fedha yake na nani hunyang'anywa jioni.

Bibi Mwenyekiti, naona mikono imeshainuliwa kule nyuma. Nakurudishia kipaza sauti.