Mkutubi wa Göttingen na miswada ya Peru

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa ukutubi. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na naona wengine wameshanuna. Vumilieni. Nitalisema hili mpaka kanuni za kupandishana vyeo zibadilike: mkutubi wa chuo kikuu ni mwanazuoni, na orodha ya miswada anayoiandaa ni utafiti kama ule wa profesa.

Mnataka mfano? Richard Pietschmann, Mjerumani, aliyezaliwa 1851. Huyu alibobea katika Misri ya kale, na mwaka 1889 akatoa historia ya Wafoinike, wale mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni. Peru wapi na Wafoinike wapi! Mwaka 1903 akakabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Göttingen, na humo mlikuwa na mswada wa Kihispania wa mwaka 1572: historia ya Wainka, waliotawala Peru kabla ya Wahispania, iliyoandikwa na Pedro Sarmiento de Gamboa kwa amri ya Francisco de Toledo, makamu wa mfalme kule Peru. Toledo alitaka Mfalme Philip II aamini kwamba Wainka walikuwa madhalimu walionyang'anya nchi ya watu, ili Hispania ionekane imekuja kuokoa. Hadithi hiyo sisi hatuhitaji kusimuliwa. Ili ushahidi uonekane mzito, waungwana 42 wa Kiinka wakaitwa Cuzco, uliokuwa mji mkuu wao, wakasomewa maandishi na kutakiwa wayathibitishe. Baadaye mswada ukaangukia mikononi mwa ukoo wa wasomi wa Uholanzi, akina Gronovius, na Göttingen ikaununua 1785. Ukakaa rafuni zaidi ya miaka 100. Pietschmann akauchapa 1906, pamoja na dibaji na maelezo. Mwaka uliofuata Waingereza nao walikuwa na tafsiri yao.

Najua kuna anayenong'ona pale nyuma: bahati tu, mswada alikuwa nao nyumbani. Haya, twende Copenhagen, maana huko ndiko ninakokupenda.

Mwaka 1908, katika Maktaba ya Kifalme ya Denmark, Pietschmann anafungua kitabu cha mkono chenye kurasa 1,189 na michoro 398. Mwandishi ni Felipe Guaman Poma de Ayala, mzawa wa milima ya Andes, na anamwandikia Mfalme Philip III. Ni kama mwaka 1615. Kihispania chake kimechanganyika na Kikechua, lugha ya Wainka, na anamweleza mfalme waziwazi mambo ambayo watumishi wa mfalme wasingependa yafike: mapadri, mahakimu, wenye mashamba, wote wamo. Kuna mchoro wa padri akimpiga mwanamke aliyeketi kufuma nguo. Kuna mwingine wa mtunza hesabu ameshika kamba za mafundo, ambazo Wainka walizitumia kuweka hesabu, na pembeni chini, kushoto, kimechorwa kijiubao cha vyumba vyenye nukta. Kijiubao hicho hadi leo kinawagombanisha wataalamu wa hesabu za Wainka.

Sasa nisikilizeni. Kitabu hicho hakikuwa kimepotea! Kilikuwa na namba yake ya rafu, kimetunzwa vizuri kabisa. Ila mtu aliyetoka kuandika maelezo ya Sarmiento, jina kwa jina, ukoo kwa ukoo, akikifungua anajua papo hapo ameshika nini. Mkononi ana maneno ya watawala. Mezani yamefunguka maneno ya mtawaliwa. Akaandika taarifa mwaka huohuo, na 1912 akawaeleza wataalamu wa mambo ya Amerika waliokutana London.

Kukichapa hakuwahi, alifariki 1923, na nakala ya picha ikatoka Paris 1936 kwa juhudi za msomi Mfaransa, Paul Rivet. Atakayeuliza kwa nini hakumaliza, aongoze kwanza maktaba ya chuo kikuu huku anaandika kitabu, halafu tuzungumze.

Wengine wataniambia siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Kipo, ndiyo. Copenhagen waliweka kitabu chote mtandaoni 2001, na Rolena Adorno ndiye msomi aliyeusimamia mradi huo. Lakini Guaman Poma mwenyewe alikosea kuhesabu kurasa zake! Ukurasa wa yule mtunza kamba ameuandika 360. Ukihesabu sawasawa ni 362. Kuna watu walikaa wakaanza moja. Mashine haikukaa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi Ricardo Palma kwa ufupi, ingawa yeye alikuwa wa maktaba ya taifa: jeshi la Chile liliingia Lima 1881, maktaba ikaporwa, naye kuanzia 1883 akaandika barua huku na huko kuomba vitabu mpaka wakamwita mkutubi ombaomba. Na ni mwandishi aliyesifika kwa visa vya Lima ya enzi za Wahispania. Hapa kwetu, mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen alichapisha 1970 orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wangapi hapa mmewahi kuifungua? Mikono. Ndiyo hivyo.

La bajeti naliacha, maana nikilianza hatutakula. Maswali yaje, isipokuwa la intaneti, hilo nimeshalijibu.