Mgeni wa siku tano

(Mhadhara kwa wazazi na vijana wenye kisukari aina ya kwanza)

Asanteni. Kaeni, kaeni. Naona sura zilezile za mwaka jana, na wengine wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua naanza na prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza pumu na uvimbe. Ndiyo, naanza nayo. Nitaiacha nikikaa mwezi mzima bila kuletewa mtoto aliyevurugwa sukari na vile vidonge vidogo.

Insulini ni nini sielezi. Humu ndani hata wa darasa la tatu wanajichoma wenyewe. Twende kwenye kisa.

Kijana wa kidato cha pili, kilo 50, ana kisukari na ana pumu. Anatumia insulini mbili: ya maji kabla ya kula, na ile nyeupe kama maziwa asubuhi na usiku. Pumu ikambana. Akaandikiwa prednisoloni miligramu 40 kila asubuhi kwa siku tano. Dozi sahihi, sina ugomvi nayo. Ila kuhusu insulini hakuna aliyesema neno.

Mama yake ni mtu makini, daftari lake limenyooka kuliko mafaili yangu. Stripu, vile vijiti vya kupimia sukari, zilikuwa chache, akapima kama tulivyomzoeza: asubuhi kabla ya chai. Siku ya kwanza milimoli 7 kwa lita. Siku ya pili 8. Akamshukuru Mungu. Lakini mtoto anakwenda chooni kila nusu saa, na jagi la maji halikai mezani. Jioni ile mama akapima tena, mashine ikaandika HI. Mdogo wake kijana, aliyeanza kujifunza Kiingereza, akasema, "Mama, inakusalimia."

Chekeni, lakini mjue. HI hapo ni kifupi cha "high", yaani juu: kwa mashine nyingi salamu hiyo maana yake sukari imepita 33 na yenyewe imeshindwa kuhesabu. Wakaja kwetu mbio. Tukapima ketoni, ile asidi inayojaa kwenye damu insulini ikipungua, hakuna. Tukampa insulini, akashuka hadi 15, wakarudi nyumbani. Kabla hawajaondoka, mtaalamu mmoja akaandika: insulini ya usiku ipande kutoka uniti 12 hadi 16. Saa tisa usiku mama akamkuta mtoto shuka limelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Sukari 2.6. Mtaalamu huyo ni mimi.

Nilikosea wapi? Kidonge kikimezwa saa mbili asubuhi, ini linaachia sukari ovyo na misuli inaigomea insulini. Vurugu hiyo inaanza mchana, inakolea alasiri na jioni, na usiku wa manane imepoa. Ndiyo maana asubuhi mama aliona 7 nzuri. Mimi nikamwongezea mtoto insulini saa ambayo mgeni amelala! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mpeni jembe siku ya kwanza, na mumpe mchana.

Kesho yake nikarudisha 12 za usiku, nyongeza nikaihamishia asubuhi: insulini ya maziwa, pamoja na kidonge. Wenzangu wa zahanati mnaoandika hapo mbele, kipimo kinachotumika sana ni uniti 0.1 kwa kila kilo kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, isizidi 0.4 kwa kilo. Kwa huyu hesabu inaleta uniti 20 za ziada. Nilianza na 10, maana nilishaungua, na nikapandisha kidogo ile ya maji ya mchana na ya jioni. Jioni akasoma 13. Sikupiga vigelegele, lakini usiku alilala, na mama yake akalala. Wazazi, hesabu hii msiinakili. Kazi yenu ni kupiga simu siku ileile kidonge kinapoingia nyumbani, kabla ya HI.

Najua mnachotaka kusema. "Daktari, stripu ni ghali." Ni ghali, sibishani. Basi kama unazo mbili tu kwa siku, kwa siku hizi tano moja iwe kabla ya chakula cha jioni, nyingine kabla ya kulala. Ya asubuhi itakudanganya.

"Basi tuiache prednisoloni." Hapana! Pumu inaua kwa saa chache. Na pampu ya pumu msiiogope, dawa yake inaishia kwenye mapafu, kinachofika kwenye damu ni kidogo. Yuko mama aliyeificha pampu kabatini ili sukari isipande. Mtoto akaishia kwenye vidonge, vile vile ambavyo mama alikuwa anavikimbia.

"Insulini ikipanda haitarudi chini." Nani kawaambia hayo? Inarudi, na hapa ndipo pabaya kuliko pote. Siku ya sita mgeni kaondoka lakini sufuria bado ni ile ile, tunapika cha watu wanane. Dada mmoja wa chuo aliendelea na nyongeza siku mbili baada ya vidonge kuisha, sukari ikashuka, akaangukia kwenye foleni ya daladala. Hakuna aliyemwambia apunguze. Yule kijana wangu nilimwandikia tarehe ya kuacha nyongeza kwa kalamu nyekundu, siku ileile nilipoianzisha. Wanaopunguza prednisoloni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, insulini nayo ishuke ngazi kwa ngazi pamoja nayo.

Na mtoto akiwa hali chakula, insulini ya msingi, ile ya maziwa, haiachwi. Hilo mmelisikia mara mia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na dawa nyingine sita, nitazipitia mbio. Sindano ya steroidi ya goti: sukari hupanda siku kadhaa, wazee wasisahau. Dripu ya kwinini ya malaria: inashusha sukari, pimeni mara kwa mara. Propranololi, dawa ya moyo na presha: inaficha kutetemeka na mapigo ya moyo sukari ikishuka, jasho ndilo linabaki, lishikeni hilo jasho.

Dapagliflozini, kidonge cha kushusha sukari, hapa naomba dakika. Shangazi mwenye aina ya pili anammegea mpwa wake mwenye aina ya kwanza kwa sababu "imenisaidia sana". Ulaya waliiruhusu kwa aina ya kwanza mwaka 2019, mwaka 2021 matumizi hayo yakaondolewa. Inaweza kuleta ketoni nyingi huku mashine inasoma 11, na wewe umetulia. Shangazi abaki na vidonge vyake.

Mitishamba tutaigombania mwakani.

Naona mkono kule nyuma. Sindano ya uzazi wa mpango? Kwa wengine inapandisha kidogo, mama. Usiiache, pima zaidi wiki za mwanzo kisha uje na daftari.

Haya, chai tayari. Chupa nyekundu ina sukari, ya bluu haina. Wa nyekundu, chomeni kwanza.