Jinsi ya kuwafikishia wasanidi wa mashine pepe ya Java hitilafu wanayoweza kuijadili

Watazamaji wapendwa, jambo kwenu nyote, na karibuni. Ninarekodi maelekezo haya hapa Lubumbashi, kwenye kompyuta ile ile yenye prosesa mbili na gigabaiti nne za kumbukumbu niliyokuwa nikiitumia siku ambapo programu niliyoliandikia duka moja la dawa huko Katuba ilipoanza kukwama kila asubuhi, wateja wanapokuwa wengi. Programu haikuanguka wala haikutoa ujumbe wowote wa kosa, na prosesa zilikuwa zimetulia kabisa, ila maombi ya wauzaji yalikaa kwenye foleni kwa sekunde nyingi. Nililalamika kwa wenzangu kwamba Java ni nzito, na hakuna aliyeweza kunisaidia, kwa kuwa lalamiko la namna hiyo halina mahali pa kushika. Leo nitawaonyesha, hatua kwa hatua, namna ya kuligeuza lalamiko hilo kuwa kitu ambacho wasanidi wa OpenJDK, mradi wa chanzo huria unaotengeneza mashine pepe ya Java (programu inayoendesha programu zilizoandikwa kwa Java) iitwayo HotSpot, wanaweza kukiendesha wenyewe, kukipima na kukijadili.

Mfano nitakaoutumia ni wa hitilafu iliyokwisha kupatiwa ufumbuzi. Nimeuchagua makusudi, kwa sababu mwisho wake tunaujua, na hivyo mtaweza kuona ni ushahidi wa aina gani unaobeba uzito katika majadiliano ya mradi ule.

Kabla ya kugusa kibodi, tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Linahusu nyuzi pepe. Uzi ni mfuatano mmoja wa kazi ndani ya programu, na programu inaweza kuendesha nyuzi nyingi kwa pamoja. Nyuzi pepe ziliingia rasmi katika Java 21, mwezi wa Septemba 2023, baada ya kujaribiwa katika toleo la 19 na la 20. Uzi pepe ni mwepesi, unaweza kuwa na maelfu yake, lakini hauwezi kutembea peke yake: hubebwa na uzi halisi wa mfumo, ambao mimi nitauita mchukuzi. Kwa kawaida idadi ya wachukuzi hulingana na idadi ya prosesa za mashine. Sasa fikirini soko la Kenya, mtaa wa hapa kwetu Lubumbashi: wafanyabiashara kumi wana mizigo na pusupusu, yaani mikokoteni ya kusukuma, ni mbili tu. Mfanyabiashara akifika mbele ya depo iliyofungwa, akateremsha mzigo wake na kungoja pembeni, pusupusu inarudi kumchukua mwingine na kazi inaendelea. Lakini akikataa kuteremsha mzigo mpaka depo ifunguliwe, mwenye pusupusu naye analazimika kusimama pale pale, na wawili wakifanya hivyo kwa pamoja, soko zima linasimama ingawa hakuna anayefanya kazi yoyote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika Java 21. Uzi pepe ulipolala au kungoja ukiwa ndani ya sehemu ya msimbo iliyofungwa kwa neno synchronized, yaani kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kuingia kwa wakati mmoja, ulimbana mchukuzi wake asiweze kubeba uzi mwingine. Sababu ilikuwa ndani ya mashine pepe yenyewe: mashine ilikuwa ikiandika kwamba mwenye kufuli ni mchukuzi, yaani uzi halisi, na si uzi pepe uliobebwa. Kama uzi pepe ungeshuka na mwingine ukapanda, mashine ingedhani huyu aliyepanda ndiye mwenye kufuli, na ulinzi wote wa data ungevunjika. Kumbana mchukuzi kulikuwa njia ya usalama, na wasanidi waliutaja upungufu huo waziwazi tangu mwanzo. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunapokutana na kasoro tunafikiri kwamba wenye mradi walizembea, na barua inayoanza kwa kuwashutumu watu inasomwa kwa moyo mwingine.

Hatua ya kwanza ni kuieleza mashine yenu. Fungueni dirisha la amri, andikeni java -version, kisha nakilini mistari yote mitatu inayotokea bila kuifupisha, kwa kuwa namba ndogo za mwisho zinaweza kutenganisha toleo lenye kasoro na toleo lililorekebishwa. Kwenye Linux andikeni pia nproc ili mpate idadi ya prosesa. Kwangu jibu ni 2, na namba hiyo ndogo ndiyo iliyonifungulia mlango. Kwenye seva yenye prosesa 64 ingehitajika nyuzi 64 zilizobanwa kwa wakati mmoja ndipo kila kitu kisimame, lakini kwangu mbili zinatosha. Msione haya kueleza kwamba mashine yenu ni dhaifu, maana huenda ndiyo inayoionyesha hitilafu kwa uwazi kuliko nyingine yoyote.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, nayo ni kuikata programu mpaka ibaki ile sehemu tu inayoonyesha tatizo. Programu ya duka la dawa ilikuwa na mafaili mengi, hifadhidata na kurasa za malipo, na hakuna msanidi duniani atakayeyasoma yote hayo kwa ajili yenu. Nilianza kwa kuondoa kurasa, nikaendesha, tatizo likabaki. Nikaondoa hifadhidata na mahali pake nikaweka usingizi wa sekunde moja, tatizo likabaki. Kila mnapoondoa kitu, endesheni tena. Tatizo likitoweka, rudisheni kile mlichokitoa mara ya mwisho, kwa sababu mmegusa penyewe.

Tazameni skrini sasa. Faili hili linaitwa Kumi.java na halifiki mistari ishirini na mitano. Linaanzisha nyuzi pepe kumi, na kila uzi una kufuli lake peke yake, kwa hiyo hakuna anayemngoja mwenzake. Kila uzi unaingia ndani ya synchronized, unalala milisekunde 1000, kisha unatoka. Mwishoni programu inazingoja nyuzi zote na kuchapisha muda uliotumika. Kwa kuwa nyuzi hazigombanii kitu chochote, mtu angetazamia sekunde moja na kidogo. Ninaandika java Kumi.java, na kwenye Java 21 ninapata sekunde tano: nyuzi kumi, wachukuzi wawili, awamu tano za sekunde moja moja. Ninyi mlio na prosesa nyingi, ongezeni -XX:ActiveProcessorCount=2 kabla ya jina la faili, na mashine yenu itajifanya ndogo kama yangu. Chaguo hilo liandikeni pia ndani ya ripoti, ili msomaji mwenye kompyuta kubwa apate matokeo yale yale.

Hatua ya tatu ni kukusanya ushahidi wa ndani. Katika Java 21 kuna kipimo kinachowashwa kwa -Djdk.tracePinnedThreads=full, nacho huchapisha mlolongo wa miito kila uzi pepe unapongoja huku umembana mchukuzi, na mstari wenye kufuli huwekewa alama ya monitors. Ikiwa programu imekwama moja kwa moja, tumieni jcmd, zana inayokuja pamoja na Java, pamoja na namba ya mchakato na amri Thread.dump_to_file, kwa kuwa jstack tuliyoizoea haizionyeshi nyuzi pepe. Hifadhini matokeo kwenye faili mara moja. Hapa kwetu umeme hukatika bila kuaga, na mimi nimewahi kupoteza ushahidi wa asubuhi nzima kwa kuuacha kwenye dirisha la amri.

Hatua ya nne, jaribuni toleo jipya kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Najua kwamba kifurushi cha Java ni karibu megabaiti 200 na mega zinanunuliwa kwa pesa, kwa hiyo pakueni mara moja, mkiwa kikundi, kisha mgawane kwa flashi. Hapa nina Java 24, iliyotoka mwezi wa Machi 2025. Ninaendesha Kumi.java ile ile, sikubadilisha herufi hata moja, na jibu ni sekunde moja na kidogo. Kilichobadilika kimeelezwa katika pendekezo la uboreshaji namba 491: sasa kufuli la synchronized linaandikwa kwa jina la uzi pepe wenyewe, kwa hiyo uzi unaweza kuteremka ukiwa bado na kufuli lake, na mchukuzi akaenda kubeba mwingine. Ile tracePinnedThreads nayo imeondolewa katika toleo hilo.

Mapendekezo ya namna hii, yanayojulikana kwa kifupi cha JEP, yasomeni kwa utulivu hata kama yanachosha. Kwa kawaida kila moja hueleza malengo, mambo ambayo si malengo, sababu, na njia nyingine zilizofikiriwa zikaachwa. Sehemu ya mambo yasiyo malengo ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa huenda mnachotaka kuomba kilikwisha kutajwa pale kwamba kwa sasa hakitafanywa. Katika namba 491 mtaona pia kwamba kubanwa hakukuisha kabisa: uzi pepe ukipitia msimbo asilia usio wa Java, ambao nao unairudia Java na kungoja humo, mchukuzi bado anabanwa.

Hatua ya tano ni kuandika ripoti. Kama tatizo lenu linaendelea kwenye toleo la karibuni, tafuteni kwanza katika daftari la hitilafu la mradi, bugs.openjdk.org, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Kuandika humo moja kwa moja kunahitaji cheo ndani ya mradi, kwa hiyo sisi wengine tunatumia fomu ya bugreport.java.com. Wengi wetu hapa tumesoma kwa Kifaransa, na mradi unajadiliana kwa Kiingereza. Andikeni sentensi fupi: nilifanya hivi, nilitazamia hivi, nimepata hivi. Kisha wekeni programu nzima, amri kamili mliyoitumia na mistari mitatu ya toleo. Msiandike dhana yenu juu ya chanzo kana kwamba imethibitika. Iwekeni mwisho, peke yake, na semeni kwamba ni dhana.

Hatua ya sita ni kwa wale wanaotaka kupeleka marekebisho wenyewe. Mtatia sahihi mkataba wa wachangiaji wa Oracle, kampuni inayousimamia mradi, kisha mtawasilisha badiliko kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kujadili msimbo, ambako msimbo wa mradi ulihamia mwaka 2020. Kwa kawaida badiliko la HotSpot husomwa na wapitiaji wawili, na huachwa wazi kwa saa 24 zisizopungua ili watu wa pande zote za dunia wapate kuliona. Mkiulizwa maswali, jibuni kila swali kwa kipimo kipya. Nimeona majadiliano marefu yakifupishwa na jedwali dogo la namba, upande mmoja kabla ya badiliko na upande wa pili baada yake.

Sasa simamisheni video hapa, andikeni Kumi.java kwa mikono yenu, na mniwekee chini idadi ya prosesa zenu, toleo la Java na muda mlioupata. Yeyote atakayepata sekunde zaidi ya mbili kwenye Java 24 au 25 aniwekee pia mistari yake mitatu ya toleo, tuitazame pamoja kabla ya kuipeleka mbele.