Vitamini kabla ya kuzamia: mishipa inasikia, mapovu hayasikii

Haya jamani tusogee kivulini, najua wengine mna boti ya saa nane, sitawaweka sana. Swali naulizwa kila wiki, eti nikimeza vitamini C kabla ya kuzamia si nakwepa ule ugonjwa wa wapiga mbizi? Bora nilijibu mara moja mbele ya wote.

Mfano wa chupa ya soda mlishaupata kwenye kozi, sirudii. Naitrojeni inaingia mwilini kule chini, ukipanda fasta inageuka mapovu kwenye damu, ndo ugonjwa wenyewe huo, basi. Tunachosahau ni oksijeni. Nyie mnaoshuka Leven Bank, ule mwamba wa kaskazini mwa Unguja, mita 30, presha kule ni mara nne ya huku juu, kwa hiyo hewa ileile ya mtungi inakupa oksijeni sawa na mtu anayevuta hewa yenye oksijeni asilimia 84 akiwa amekaa barazani. Ikizidi hivyo mwili unazalisha zile chembe korofi, radikali huru, nazo zinaimaliza naitriki oksaidi ambayo ndo inauambia mshipa haya tanuka. Na mapovu nayo yanakwaruza ukuta wa ndani wa mshipa. Yaani unapigwa pande mbili.

Sasa watafiti wa Split, kule Croatia, mwaka 2007 walitoa majibu yao. Waliwapa wapiga mbizi gramu 2 za vitamini C pamoja na vitamini E, wakasubiri kama masaa mawili hivi, wakawashusha mita 30 kwa nusu saa. Kipimo chenyewe mtakipenda: unafungwa mkanda wa presha mkononi, unajazwa upepo mpaka damu inasimama, dakika tano nzima vidole vimekufa ganzi, halafu wanauachia ghafla huku ultrasaundi inaangalia mshipa utafunguka kiasi gani damu ikirudi kwa kishindo. Mshipa mzima unafunguka vizuri, ila ukitoka kuzamia unakuwa mvivu. Waliomeza vitamini uvivu ulipungua. Wakahesabu na mapovu moyoni... yaleyale, hayakupungua!

Na gramu 2 sio mchezo, chungwa moja lina kama miligramu 70, piga hesabu, machungwa karibu thelathini. Utazama kwa uzito tu, ule mkanda wa vyuma vya risasi wa kukuzamisha huuhitaji.

Kinachogusa mapovu kwangu kinavutia zaidi. Trondheim, Norway, walikimbiza panya kwenye mashine ya kukimbilia kama masaa 20 kabla ya kuwaweka kwenye presha, mapovu yakapungua na panya wengi zaidi wakapona. Kwa hiyo kama una hela ya vidonge mi nasema nunua raba, kimbia jana yake. Halafu panda taratibu, mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika tatu, hiyo hakuna kidonge kinachokusamehe.

Eeh, wewe wa nyuma? Bega likiuma baada ya kuzamia umeze Panadol? Hapo kaka nakukatalia kabisa. Panadol haigusi povu hata moja, inanyamazisha bega tu, na lile bega ndo lilikuwa linakuambia vuta oksijeni tupu sasa hivi, lala chali, na wakupigie simu watu wa chemba ya presha, wanakotibu ugonjwa huu, kabla hakujakucha.