Mkono wa Kushoto: Mhadhara Kuhusu Kuruka kwa Mpangilio kwa Ndege za T-6

Ndugu marubani, mafundi, na nyote mliofika, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Leo nazungumzia kuruka kwa mpangilio, yaani ndege kadhaa kwenda pamoja zikiwa karibu karibu, kwa T-6, ndege ya mafunzo iliyoundwa na North American Aviation, ambayo Waingereza waliiita Harvard. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000. Wazee wa Nyeri na Aberdare waliujua mngurumo wake: kati ya 1953 na 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, Harvard za jeshi la anga la Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu ile. Leo nyingi ya zilizobaki ziko Marekani, mikononi mwa watu binafsi wanaozitunza, na mwisho wa Julai pale Oshkosh, Wisconsin, utaziona zikipita juu nne nne, zimekaribiana hata unajiuliza mabawa hayagusani vipi.

Mtazamaji husifia ukaribu. Mimi nasema ukaribu si ufundi. Kusogea karibu hata asiyejua ataweza, mara moja. Ufundi ni kuifanya ndege ya mwenzako itulie machoni pako, isisogee mbele wala nyuma, ilhali zote mbili zinakwenda noti 120, yaani maili za baharini 120 kwa saa. Na hilo hufanywa zaidi na mkono wa kushoto, ule ulioshika mkono wa mafuta, wenyo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Kanuni ya Marekani namba 91.111 inakataza kuruka kwa mpangilio bila rubani mkuu wa kila ndege kukubali kabla, na inakataza kubeba abiria wa kulipa. Ukitaka kuruka hivyo mbele ya watazamaji kwenye maonyesho, unahitaji kadi ya mafunzo, kama ile ya FAST, chombo kinachounganisha vyama vya wenye ndege za zamani chini ya utaratibu mmoja wa mafunzo. Kadi ya winga, rubani anayeruka ubavuni mwa kiongozi, huja kwanza, ya kiongozi baadaye, na kila moja ina mtihani wake angani. Ndivyo inavyopasa kuwa. Asiyewahi kuteseka ubavuni hawezi kujua mgeuko wake wa ghafla unamfanya nini aliye namba 4, wa mwisho kwenye safu.

Sasa nyoosheni viganja vyote viwili. Cha kulia ndicho kiongozi. Cha kushoto kiwekeni nyuma yake kidogo, chini kidogo, kwenye mstari wa mshazari wa kama nyuzi 45, na ncha za vidole zisipishane. Hapo ndipo mahali pa winga. Atajuaje yupo hapo? Huchagua alama mbili kwenye ndege ya kiongozi, moja ya karibu na moja ya mbali, zikilingana yuko kwenye mstari. Alama ya tatu humpa umbali. Alama hizi hufundishwa chini, ndege zimeegeshwa mahali pake hasa, mwanafunzi amekaa kwenye kiti chake anatazama hadi picha imkae kichwani.

Akishapanda, picha ile inaanza kucheza. Umebaki nyuma: unaongeza mafuta. Mwanafunzi huongeza, akangoja hadi afike, na akifika anapita. Sahihi ni hatua tatu. Ongeza kidogo mwendo uanze. Kabla hujafika, punguza kuliko ulivyoongeza, mwendo ufe. Kisha rudisha kiasi kinachokushika pale. Mwenye kuzikosa hatua hizi utamwona anasukuma na kuvuta kama mfua chuma na mivukuto yake, na kosa lake linapokelewa na wa nyuma likiwa kubwa zaidi. Namba 4 ndiye ncha ya mjeledi.

Kwenye T-6 mivukuto hiyo inaumiza pia injini. Pratt & Whitney R-1340 ina silinda 9 zilizopangwa duara, na konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zinaning'inia zote nyingine kwenye konrodi mama moja, yenye beringi yake juu ya krenki, mhimili unaozungushwa na injini. Ukifunga mafuta ghafla ilhali mizunguko iko juu, injini haisukumi tena pangaboi, pangaboi ndilo linaisukuma injini. Mzigo kwenye beringi ile unageuka upande, na oili haifiki ipasavyo. Mafundi wana kipimo cha haraka: kwa kila mizunguko 100 kwa dakika, usishuke chini ya inchi 1 ya presha ya manifoldi, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye injini, ipimwayo kwa inchi za zebaki. Kwa mizunguko 2,000, basi, inchi 20. Winga aliyepanga mwendo wake mapema hafiki huko kamwe.

Kiongozi naye ana wajibu wake kwenye mkono huo. Kupaa kwa nguvu zote ni inchi 36 na mizunguko 2,250. Kiongozi akizitumia zote, winga hana cha kuongeza, anaachwa. Kwa hiyo huacha inchi mbili tatu, na akishaweka hagusigusi.

Hatari kubwa iko kwenye kujiunga upya, ndege zilizoachana zinaporudi kwenye mpangilio. Kiongozi anatikisa mabawa, analala kwenye mgeuko mpole, anashika noti 120. Winga anakatiza ndani ya mgeuko kwa noti 130. Tofauti ya noti 10 ni mita 5 kwa sekunde: mita 100 zinaisha kwa sekunde 20. Akae chini kidogo ya kiongozi, na atazame mkia wa wima wa kiongozi umesimama wapi juu ya bawa la nje. Ukikimbilia ncha ya bawa, winga amekwenda mbele mno. Ukirudi kwenye shina, amebaki nyuma.

Akiona anakuja kwa kasi isiyozuilika, je? Mkono humwambia alaze ndege upande wa pili akimbie. Ole wake: tumbo la ndege yake litamziba kiongozi, na sasa yuko karibu na ndege asiyoiona. Anyooshe mabawa, apunguze mafuta, apite chini na nyuma ya kiongozi kwenda nje ya mgeuko, macho hayatoki. Akimpoteza, aseme mara moja redioni na aelekee mbali na pale alipomwona mwisho. Kiongozi hutaja kimo na mwelekeo wake, wala hamfuati.

Haya yote husemwa chini, kwenye kikao cha kabla ya safari, pamoja na mafuta. T-6 hubeba galoni 110 za Marekani, na winga huchoma zaidi ya kiongozi kwa sababu mkono wake hautulii. Kiwango cha kurudi nyumbani hupangwa kwa mwenye mafuta kidogo kuliko wote.

Na safari haijaisha hadi magurudumu yasimame. Tarehe 17 Septemba 2023 huko Reno, Nevada, T-6 mbili ziligongana zikizunguka kutua, mashindano ya mbio za ndege yakiwa yamekwisha, na marubani wote wawili walikufa. Kwenye kutua, kiongozi anavunja safu, wengine wanafuata kwa sekunde walizokubaliana, kila mmoja anashika upande wake wa barabara ya kutulia, huyu kushoto, huyu kulia. T-6 ikikaa kwenye gurudumu la mkia, pua inakuzibia mbele kabisa. Kwa hiyo shika upande wako hadi mwendo uwe wa kutembea, na usivuke kwenda upande wa kutokea hadi aliye nyuma yako aseme redioni kwamba amekuona na amepunguza mwendo.