Kuchakaza Panzer IV: kutu iwe wapi, na wapi isiwepo

Habari zenu, karibuni tena mezani kwangu. Leo tunachakaza hiki, yaani tunakipaka kionekane kimetumika vitani: modeli ya plastiki ya Panzer IV Ausf. H (toleo la H), kifaru cha Wajerumani cha kiangazi cha 1943, kipimo cha 1 kwa 35, yaani kidogo mara 35 kuliko halisi.

Kabla sijaanza, tazameni hiki cha nyuma. Ndicho cha kwanza nilichowahi kuchakaza. Nilikijaza kutu kila kona, mpwa wangu akauliza, "Mjomba, hiki kimeibuliwa baharini?" Alisema kweli. Kifaru cha vitani mara nyingi hakikuishi miaka ya kutosha kuliwa na kutu namna ile. Basi kila doa mtakaloweka leo, jiulizeni limetoka wapi.

Kuunganisha sikai sana, karatasi ya kwenye boksi inatosha. Nasimama hapa tu, kwenye mabamba ya ubavuni. Wajerumani waliyaita Schürzen, yaani aproni. Yale halisi ya ubavuni yalikuwa na unene wa milimita 5. Gawanya kwa 35, unapata kama 0.14. Sasa hili langu la plastiki ni milimita 1 nzima, sawa na chuma cha sentimita 3.5! Dawa yake ni kopo la soda. Bati lake ni jembamba, karibu na kipimo hicho. Kateni kwa mkasi mkifuatisha lile la plastiki, pigeni msasa hadi rangi ya kopo itoke, praima, yaani rangi ya msingi, ipate pa kushika. Halafu likunjeni pembe kidogo. Mnaona? Linakunjika kama bati, kwa sababu ni bati. Bamba moja msiliweke kabisa. Yalikuwa yametundikwa tu, na yalidondoka ovyo.

Rangi sasa. Praima nyekundu ya kopo, ile ya thina, ilale usiku mzima. Kisha spreyi ya nywele, hii hii ya saluni, mikono miwili myepesi. Subirini dakika 15. Juu yake pulizeni manjano iliyofifia, Dunkelgelb, akriliki ya maji. Kuanzia Februari 1943 magari yao yalitoka kiwandani na rangi hiyo. Kijani na kahawia nyekundu vikosi vilipewa zikiwa nzito kama uji mzito, wakazimua kwa maji au petroli na kupaka wenyewe. Ndiyo maana hakuna vifaru viwili vyenye mabaka yanayofanana. Mchoro wa boksi usiwatie wasiwasi, pakeni kama mtu mwenye haraka.

Msingoje kesho. Lowesheni sehemu ndogo kwa maji ya uvuguvugu, hesabuni hadi 30, sugueni kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Spreyi inayeyuka chini, manjano inabanduka, nyekundu inachungulia. Wapi? Kingo za milango, maana watu 5 walipanda na kushuka hapo. Kingo za aproni. Madigadi ya mbele. Chini ya mzinga hapana, nani anakanyaga pale? Na magurudumu, 8 kila upande, yamezungushiwa mpira. Mpira haubanduki rangi, huo ni wa vumbi tu.

Pulizeni vanishi ya kung'aa, ikauke. Zimueni rangi ya mafuta ya kahawia kwa thina laini ya wachoraji. Ile kali ya gereji itakula rangi na plastiki pamoja, na vyovyote vile fungueni dirisha. Gusisheni ncha ya brashi kwenye bolti moja... hiyo, imekimbia yenyewe kwenye mfereji. Msipake bodi nzima!

Kutu sasa, na ni kidogo. Silensa ya nyuma ndiyo yenye haki nayo, kwa kuwa joto huunguza rangi. Minyororo ipakeni kahawia iliyokoza, halafu penseli ya 4B pale chuma kinapokanyaga ardhi. Chuma kinachotembea hung'aa, hakipati muda wa kushika kutu.

Kuna anayeniuliza kila mara, kwa nini vya jeshi la Hitler? Kwa ajili ya mabaka haya tu. Jeshi lenyewe silisifii.

Mwisho, vumbi. Sageni chaki ya rangi, kijivu na kahawia. Udongo mweusi wa Kursk, kule Urusi vifaru hivi vilikopigana, ukikauka haufanani na vumbi jekundu la barabara zetu, kosa hilo naliona sana. Lakini tangulizeni vanishi isiyong'aa, ndipo mweke unga. Mkipuliza vanishi juu ya unga, vumbi lote linatoweka mbele ya macho yenu. Langu limetoweka mara mbili, ya pili nikiwa narekodi.