Macho Yalijiandaa, Mdomo Haukujiandaa

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Niko na kaka Salim kama kawaida, na leo naanza na jambo linaloniuma. Juzi nilialikwa kuzungumza mbele ya watu. Maelezo yangu nilikuwa nimeyasoma mara sita, saba. Nikasimama nikijiamini kabisa. Kufika sentensi ya pili, ulimi ukaganda.

SALIM: Pole sana, dada. Hebu niambie, uliyasoma kwa sauti?

NEEMA: Kwa macho tu, nimekaa zangu.

SALIM: Basi mdomo wako ulikuwa unayatamka kwa mara ya kwanza pale mbele ya watu. Macho yalijiandaa, mdomo haukujiandaa.

NEEMA: Na hilo ndilo linalonisumbua, maana sikuwa mvivu. Kujiandaa nilijiandaa, kujiamini nilijiamini, na bado nikakwama.

SALIM: Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kuisoma. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, halafu katika vipindi vitatu vilivyobaki wakaandika walichokumbuka, bila kuitazama tena.

NEEMA: Ningechagua kundi la kwanza.

SALIM: Wengi wetu tungelichagua. Na baada ya dakika 5 ungejipongeza, kwa sababu waliosoma tu walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tu wamebaki na asilimia 40. Waliojipima wana 61.

NEEMA: Lo! Wiki moja tu?

SALIM: Wiki moja. Sasa sikia hili. Walipomaliza tu vipindi vile waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani wiki ijayo. Waliokuwa na uhakika zaidi ni wale wa vipindi vinne vya kusoma.

NEEMA: Yaani mimi mtupu.

SALIM: Ukisoma kitu mara ya nne, macho yanateleza. Hakuna neno geni, hakuna pa kukwama. Ule wepesi tunaudhania kuwa ni ujuzi. Ila ukifunga daftari ukajaribu kusema mwenyewe, unakwama hapa, unasahau pale, unajiona hujui kitu. Na kumbe ndipo unapojifunza.

NEEMA: Lakini kaka, mtu akijipima akakosa, si anavunjika moyo? Ndiyo maana watu huambiana, "Wewe jiamini tu."

SALIM: Ushauri huo sipendi kumpa mtu, kusema kweli. Una nia njema, ila unamwacha mtu mikono mitupu. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1977. Kutiwa moyo na wengine alikuhesabu, lakini chanzo cha kujiamini chenye nguvu kuliko vyote, kwake, ni mtu kuwa amewahi kulifanya jambo lenyewe akaliweza.

NEEMA: Hapo nakumbuka yule mkwea miamba, Alex Honnold. Juni 3, 2017 alipanda El Capitan, ukuta wa mwamba wa mita kama 900, bila kamba, kwa muda usiofika saa 4. Ukitazama unasema huyu ana moyo wa chuma. Kumbe njia ile ile alishaipanda mara nyingi akiwa na kamba, sehemu ngumu akizirudia moja moja, mpaka akajua mkono unashika wapi na mguu unakanyaga wapi.

SALIM: Na mwaka mmoja nyuma, 2016, alianza kupanda bila kamba akakatisha.

NEEMA: Hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Mazoezi yale yalimpa pia uwezo wa kusema "leo bado". Mimi juzi sikuwa na namna ya kujua kwamba bado, kwa sababu sikuwa nimejijaribu hata mara moja.

SALIM: Utazungumza tena lini?

NEEMA: Wiki ijayo, maneno yale yale.

SALIM: Basi anza sasa. Karatasi igeuze.

NEEMA: Hapa hapa, watu wanasikiliza?

SALIM: Hapa hapa, dada.

NEEMA: Haya. Sentensi ya kwanza ninayo. Ya pili... ngoja. Ngoja kidogo, usiniambie.

SALIM: Nangoja.